Tom Mboya: Bwana afya aliyepinga ujira wa kapera

JINA la hayati Thomas Joseph Mboya halihitaji kuelezwa kwa Mkenya yeyote. Limo katika barabara mashuhuri ya jiji la Nairobi, limo katika sanamu iliyozinduliwa mwaka 2011 kandokando ya Moi Avenue, na limo vinywani mwa wazee ambao kila wanapowataja viongozi waliokatiziwa uhai mapema huanza na yeye.

Wengi humkumbuka kwa siasa. Humkumbuka kama katibu mkuu wa Kanu, waziri mwenye ulimi wa dhahabu, na kijana aliyefanikisha safari za ndege zilizowapeleka mamia ya wanafunzi Marekani kuanzia mwaka 1959. Hata hivyo, kabla ya siasa kumteka, Mboya alikuwa mtetezi wa wafanyakazi, na swali lililomsumbua tangu ujana wake lilikuwa moja: ni nani anayeamua thamani ya jasho la mtu, na anaiamua kwa kipimo gani?

Si viongozi wengi waliopata nafasi ya kulitazama swali hilo kutoka pande zote. Mboya alilitazama akiwa mtoto wa kibarua, akalitazama akiwa mwajiriwa, akalipigania akiwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na hatimaye akalazimika kulijibu akiwa waziri. Majibu aliyoyatoa katika nyakati hizo hayakulingana sawasawa, na hapo ndipo lilipo funzo la maisha yake.

MTOTO WA SHAMBA LA MKONGE

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi Sir William Northrup McMillan. Wazazi wake, Mzee Leonard Ndiege na Mama Marcella Awuor, walikuwa wamehama kutoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria kutafuta riziki. Baba yake alikuwa nyapara katika shamba hilo kwa miaka mingi.

Mtoto anayelelewa katika shamba la mkonge hujifunza mapema kwamba mwenye kukata, mwenye kubeba na mwenye kusimamia hawana sauti katika malipo yao. Kiasi cha kazi hupangwa na mwenye shamba. Posho ya unga hupimwa na mwenye shamba. Hata nyumba ambamo familia hulala ni ya mwenye shamba, na mtu akiachishwa kazi asubuhi huenda jioni ikamkuta hana pa kuweka kichwa.

Ili kuelewa vita ambavyo Mboya alikuja kuvipigana, yafaa kwanza kuelewa hesabu waliyoitumia waajiri wa zama hizo.

HESABU YA MWAJIRI

Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20. Kodi hiyo ilitakiwa ilipwe kwa fedha, na kwa wengi fedha zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, reli au bandari. Kwa hivyo, mtu hakwenda kazini kwa kuvutiwa na mshahara. Alikwenda kwa kusukumwa na kodi.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba cheti hicho, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Ndani yake mliandikwa jina la mwajiri, muda wa kazi na mshahara aliolipwa. Mwajiri mpya alipokifungua, alijua papo hapo yule wa kwanza alitoa kiasi gani, na hakuwa na haja ya kuongeza. Mfanyakazi alitembea na bei yake shingoni, na bei hiyo iliandikwa na mtu mwingine.

Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyomwinua Harry Thuku, hadi akakamatwa Machi 1922 na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi.

Kulikuwa pia na nadharia iliyopendwa sana na walowezi. Walidai kwamba Mwafrika hufanya kazi kwa shabaha moja tu, labda kupata fedha za kodi au za mahari, na akishazipata hurejea kwao. Kumlipa zaidi, walisema, ni kumwezesha kuifikia shabaha yake mapema na kuiacha kazi mapema. Hivyo basi mshahara mdogo uligeuzwa kuwa dawa ya uhaba wa wafanyakazi. Ilikuwa nadharia iliyomfaa sana aliyeitunga.

Juu ya hayo yote kulikuwa na dhana ya kapera. Hata kiwango cha chini cha mshahara kilipoanza kuwekwa kisheria mijini, kilihesabiwa kwa kuangalia mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto: chakula chake, nguo zake, kuni zake na sabuni yake. Mke na watoto walichukuliwa kuwa wako mashambani, wakijilisha kwa jembe. Kumbe kwa hesabu hiyo, mke aliyelima kule kijijini alikuwa akimsaidia mwajiri wa mjini kulipa mshahara, na hakuna aliyemshukuru.

BWANA AFYA WA NAIROBI

Mboya alisomea katika shule za misheni za Kikatoliki, zikiwemo Kabaa huko Ukambani na St Mary's Yala huko Nyanza, kisha akaingia Holy Ghost College, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Mang'u. Alikuwa mwanafunzi mwerevu, lakini mfuko wa nyapara mwenye watoto wengi haukuweza kumfikisha mbali zaidi. Mwaka 1948 alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya jijini Nairobi, akafuzu mwaka 1950 na kuajiriwa na Baraza la Jiji mwaka uliofuata.

Kazi ya bwana afya haikuwa ndogo. Alikagua maziwa, nyama, mikahawa na nyumba, na saini yake iliweza kufunga biashara. Hata hivyo, katika afisi hiyo hiyo walikuwamo wakaguzi Wazungu wenye kazi kama yake, na mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya wao.

Kisa kimoja kilichomtokea huko kilikuja kujulikana sana. Alikuwa peke yake katika maabara akipima maziwa, akaingia mwanamke Mzungu aliyeleta sampuli. Mwanamke huyo alitazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha ubaguzi, lakini kinaeleza pia habari za mshahara. Asiyeonekana kuwa mtu hawezi kulipwa kama mtu. Wakati huo ubaguzi wa malipo haukufichwa hata kidogo. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza kwamba katika utumishi wa serikali Mwafrika au Mhindi anayefanya kazi sawa na ya Mzungu alipwe asilimia 60 ya mshahara wa Mzungu. Hoja ilikuwa kwamba Mzungu ana gharama kubwa zaidi za maisha. Tazama, basi, mizani ilivyopinda: Mzungu alilipwa kwa kuangaliwa gharama za familia yake na hadhi yake, ilhali Mwafrika alilipwa kana kwamba hana familia wala hadhi. Kanuni hiyo ya asilimia 60 iliendelea hadi Tume ya Lidbury ilipopendekeza iondolewe mwaka 1954.

Mboya hakuishia kunung'unika. Mwaka 1952 alichaguliwa kuongoza chama cha watumishi Waafrika wa Baraza la Jiji, kilichokuwa zaidi cha kutoa maombi kwa heshima. Alikigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, akazunguka matawini kusajili wanachama, akahimiza ada ilipwe na hesabu ziandikwe. Mwaka 1953 aliachana na kazi ya ubwana afya. Hakurudi tena.

PENGO LILILOACHWA NA WENGINE

Haki haingekamilika kama ingedaiwa kwamba Mboya ndiye aliyeanzisha vita hivyo. Waliomtangulia walilipa gharama kubwa. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa na kusimamisha shughuli za mji kwa karibu majuma mawili. Chege Kibachia, aliyeongoza chama kilichozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa uhamishoni Baringo.

Makhan Singh, mwana wa mpigachapa kutoka Punjab aliyelelewa Nairobi, alikuwa ameunda chama cha wafanyakazi wa mataifa yote tangu mwaka 1935. Alikamatwa Mei 15, 1950. Siku iliyofuata Nairobi iliingia katika mgomo mkubwa ambao miongoni mwa madai yake kulikuwa na kiwango cha chini cha Sh100 kwa mwezi. Singh aliwekwa kizuizini hadi Oktoba 1961.

Hivyo, Gavana alipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, viongozi wengi waliokuwa na ujuzi wa vyama walikuwa tayari kizuizini, au wangefika huko muda si mrefu. Chama cha KAU kilipigwa marufuku Juni 1953. Ni katika kipindi hicho cha giza, Septemba 1953, ambapo Mboya alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa, lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Kwa kuwa Waafrika hawakuruhusiwa kuwa na chama cha siasa, shirikisho hilo likawa mahali pekee ambapo sauti ya Mwafrika ingeweza kusikika kisheria kote nchini. Serikali ilipofanya operesheni iliyoitwa Anvil Aprili 1954 na kuwakusanya makumi ya maelfu ya watu wa jamii za Kikuyu, Embu na Meru kutoka Nairobi, maelfu ya wanachama na viongozi wa vyama walitoweka. Mboya alilalamika hadharani na kuandikia mashirika ya wafanyakazi ya ng'ambo. Ilikuwa kama kutembea juu ya uzi. Akisema machache, wafanyakazi wangemwita kibaraka. Akisema mengi, shirikisho lingefungwa.

RIPOTI ILIYOKIRI

Mwaka huo huo wa 1954 ilitolewa ripoti iliyompa Mboya silaha ambayo hakuitarajia kutoka serikalini. Kamati ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa Kamishna wa Leba, F. W. Carpenter, ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika sekta ya kibinafsi, na robo ya wale wa utumishi wa umma, walilipwa mishahara isiyotosha mahitaji ya msingi ya afya, heshima na uwezo wa kufanya kazi.

Ripoti hiyo ilivunja nadharia ya walowezi kutoka mzizini. Ilieleza kwamba Mwafrika huhamahama kati ya kazi na shamba kwa sababu mshahara hauwezi kuitunza familia yake mjini. Kwa kuwa hakai, hapati ujuzi, na kwa kuwa hana ujuzi, mwajiri humlipa kidogo. Waajiri walikuwa wakitaja uzembe kuwa sababu ya mshahara duni, kumbe mshahara duni ndio uliozaa kile walichokiita uzembe.

Kamati ilipendekeza kiwango cha chini kiache kumhesabu kapera na kimhesabu mwanamume mwenye familia. Ilikadiria kwamba kiwango cha familia kingekuwa mara mbili na nusu ya kile cha kapera, na ikataka mabadiliko hayo yafanywe hatua kwa hatua kwa muda wa miaka 10. Serikali ilikubali msingi wa hoja hiyo lakini ikapunguza ukubwa wa hatua zenyewe. Waajiri nao walionya kwamba kazi zitapungua, onyo ambalo limerudiwa tangu siku hizo kila mishahara inapotajwa.

Mboya aliushikilia msingi huo kwa mikono miwili. Tangu hapo hakuhitaji kumwomba mwajiri amhurumie mfanyakazi. Alichohitaji ni kumkumbusha yale ambayo serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuandika.

MAKULI WA MOMBASA

Nafasi ya kuonyesha mbinu zake ilikuja Machi 1955 pale makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma. Bandari ndiyo mlango wa nchi, na nyakati hizo za vita msituni serikali haikuwa na subira. Askari walikuwa tayari, na hofu ya umwagikaji wa damu ilikuwa kubwa.

Mboya alishuka Pwani haraka. Kwa makuli alieleza kwamba mgomo wenye nguvu ni ule unaojua siku ya kuisha. Kwa waajiri alieleza kwamba mtu anayepakua meli mchana kutwa hawezi kuridhishwa kwa vitisho. Aliwashawishi wagomaji warudi kazini ilhali mzozo ukipelekwa mbele ya mwamuzi. Wengi waliona ni hatari, kwa maana mfanyakazi akisharudi kazini huwa ameweka chini silaha yake ya pekee. Lakini uamuzi ulipotolewa, makuli walipata nyongeza ya karibu thuluthi moja.

Ushindi huo ulimjenga Mboya kote nchini. Ulimfunza pia jambo ambalo hakuliacha hadi kifo chake: kwamba mshahara bora hupatikana mezani, mradi anayekaa upande wa wafanyakazi awe na watu nyuma yake na hesabu mkononi.

Baadaye mwaka huo alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, kusoma kwa mwaka mmoja siasa na uhusiano wa viwandani. Mwaka 1956 alizuru Marekani, ambako shirikisho la wafanyakazi la AFL-CIO lilitoa Dola 35,000 za kujenga makao ya wafanyakazi Nairobi. Wapinzani wake walizitumia fedha hizo kumwita kibaraka wa Wamarekani, na shutuma hizo zilimfuata hadi mwisho. Jengo lenyewe, Solidarity, lilibaki kuwa makao ya vyama vya wafanyakazi.

KUTOKA MGOMO HADI WIZARA

Machi 1957, Waafrika walipochagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Mboya alishinda kiti cha Nairobi. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 28, aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa mataifa yote ya Afrika mjini Accra. Aprili 1962 aliingia katika serikali ya mseto akiwa Waziri wa Leba.

Hapo ndipo kibao kiligeuka. Mwaka huo migomo ilikuwa imeenea kila mahali. Wafanyakazi waliona uhuru unakaribia na walitaka matunda yake yaanze kuonekana katika bahasha ya mshahara. Waajiri waliona uhuru unakaribia na baadhi yao wakaanza kufunga virago na kuhamisha mitaji. Aliyekuwa akiongoza wagomaji sasa alitakiwa kuwatuliza.

Jibu lake lilikuwa Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani uliotiwa saini Oktoba 1962 kati ya serikali, shirikisho la wafanyakazi na Shirikisho la Waajiri (FKE). Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kujadiliana navyo kwa nia njema. Vyama vilikubali kutogoma kabla ya njia za mazungumzo na upatanishi kumalizika. Kwa mara ya kwanza ilikubaliwa kwa maandishi kwamba mwajiri hataamua peke yake thamani ya mfanyakazi. Mwaka 1964 ikaundwa Mahakama ya Viwanda ya kuamua mizozo iliyoshinda mazungumzo, ambayo ndiyo chimbuko la mahakama ya leo ya ajira na leba.

Lakini mkataba huo ulikuwa na makali pande zote mbili. Mapema mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama walikubaliana kwamba kampuni za kibinafsi ziongeze wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na kwa upande wao wafanyakazi wasitishe migomo na madai ya nyongeza kwa mwaka mmoja. Aliye kazini aliombwa asubiri ili asiye na kazi apate. Mwaka 1965 sheria mpya ya mizozo ya kikazi ilibana zaidi haki ya kugoma, na mwaka huo huo, baada ya mapigano ya vyama hasimu yaliyosababisha vifo Mombasa, serikali ilifuta mashirikisho yaliyokuwepo na kuunda Cotu.

Kufikia wakati huo Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na kalamu yake ilionekana wazi katika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Msimamo wake ulikuwa kwamba wenye mishahara ni wachache katika nchi ya wakulima, na kwamba nyongeza isiyolingana na ukuaji wa uchumi humwumiza mkulima na kijana anayetafuta kazi.

Baadhi ya wenzake wa zamani walisema amewasaliti. Walikumbusha kwamba onyo la kazi kupungua lilikuwa wimbo wa walowezi, na sasa linaimbwa na mtoto wa nyapara wa mkonge. Waliomtetea walijibu kwamba mwenye kulinda ghala la nchi nzima hawezi kugawa kama mwenye kulinda chungu kimoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Akiwa kiongozi wa chama, Mboya aliuliza familia inahitaji nini ili iishi. Akiwa waziri, aliuliza uchumi unaweza kubeba nini. Tofauti na waajiri wa kale, hakutaka jibu la swali la pili lifute swali la kwanza. Je, alifaulu? Hilo ndilo jambo ambalo wanahistoria wameendelea kubishania.

RISASI YA JULAI 5

Mjadala huo hakupata muda wa kuumaliza. Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa katika Barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alimwacha mjane, Bi Pamela Mboya, na watoto wadogo. Nchi ilitikisika, machozi na ghasia zikafuata, na mwili wake ukasafirishwa hadi Rusinga, kisiwa ambacho wazazi wake walikuwa wamekiacha kwenda kutafuta ujira.

Siasa za kifo chake zimeandikwa mara nyingi. Urithi wake katika malipo ya wafanyakazi umezungumziwa kidogo, ilhali ndio unaogusa watu wengi zaidi kila mwisho wa mwezi. Ujira wa kapera haujatajwa katika sheria kwa miaka mingi. Mwanamke na mwanamume, Mwafrika na Mzungu, wote hulindwa na kanuni ya malipo sawa kwa kazi sawa. Mabaraza ya mishahara, ambamo waajiri, wafanyakazi na serikali huketi pamoja, yamo katika sheria ya mwaka 2007. Yote hayo yana alama ya vidole vya bwana afya yule.

Hata hivyo, ukichunguza kwa makini utaona kivuli cha hesabu ya kale bado kinatembea. Agizo la mishahara la mwaka 2024 liliweka kiwango cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji mikuu kama Nairobi na Mombasa kuwa takriban Sh16,113 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Kibarua wa shambani asiye na ujuzi aliwekewa takriban Sh7,997, yaani chini ya nusu.

Wapo wanaosema tofauti hiyo ni ya haki kwa sababu maisha ya mashambani ni nafuu na mkulima hapati faida kubwa kila msimu. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini karo ya shule ya sekondari haipungui kwa kuwa mzazi hufanya kazi katika shamba la majani chai au la maua, wala bei ya mafuta ya kupikia haimwulizi mnunuzi anatoka wapi. Anayesema kibarua wa shambani ataongezea mshahara wake kwa jembe la nyumbani anarudia, pengine bila kujua, hesabu ya miaka ya 1940: kwamba kuna mtu mwingine mahali fulani anayelima ili mwajiri apunguziwe mzigo.

Mboya aliamini kwamba dawa ya hesabu kama hiyo ni kiti mezani. Makuli walipata kiti, na wafanyakazi wa mabaraza ya miji wakapata. Vibarua wa mashamba nao walipata chama chao kikubwa mwaka 1963, pale vyama kadhaa vya mashambani vilipoungana. Waliobaki nje hadi leo ni wale wasio na chama wala mkataba: wengi wa wafanyakazi wa nyumbani, wa mjengo na wa jua kali. Hao bado hulipwa kwa kuangaliwa shida zao zilivyo kubwa na wanaongoja kazi hiyo hiyo walivyo wengi.

Thamani ya mtu haijawahi kuandikwa usoni mwake, wala kipande hakikuweza kuisema. Hupangwa na watu, na kilichopangwa na watu chaweza kupangwa upya na watu, ikiwa yule anayelipwa atakuwepo wakati wa kupanga. Hilo ndilo ambalo mwana wa nyapara wa Kilima Mbogo alilifanyia kazi kwa miaka 16 ya utu uzima wake, na ndilo deni ambalo nchi haijamaliza kumlipa.